Hedseti ya gemu kwa matumizi ya kila siku: nilivyoipima kabla ya kuamua kubaki nayo

Nilitaka kifaa kimoja tu cha kichwani. Asubuhi kinifae kwenye mikutano ya kazi, mchana kinipigie muziki, usiku niingie nacho kwenye gemu na wenzangu. Hedseti za daraja la juu zilikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo nikachukua ya bei ya chini isiyo na waya, inayotumia kipokezi kidogo cha USB na pia Bluetooth. Muuzaji alikuwa anaruhusu kurudisha bidhaa ndani ya muda maalumu, nami sikutaka muda huo upite bure. Boksi na vikaratasi vyake vyote nikavihifadhi, nikaanza kuitumia kama vile nimeshaamua kuirudisha na natafuta tu sababu.

Maandishi ya kwenye boksi sikuyapa uzito. Ile "20 Hz hadi 20,000 Hz" utaikuta karibu kwenye kila hedseti, maana hiyo ndiyo mipaka inayotajwa ya usikivu wa binadamu. Haikuambii kama besi itameza maneno ya mtu anayeongea. "Milimita 50" ni upana wa spika ya ndani, na upana peke yake haujawahi kumpa mtu sauti safi. Halafu kuna "7.1", yaani ahadi ya sauti inayokuzunguka kutoka kwenye spika nyingi. Ndani ya hedseti hii mna spika mbili, moja kila sikio, basi. Hizo nyingine ni kazi ya programu inayoichelewesha na kuibadilisha sauti kidogo ili ubongo udhani imetokea nyuma au ubavuni. Niliijaribu kwenye gemu ya risasi: ikiwashwa, vishindo vya adui vinasikika kama anatembea bafuni, ikizimwa, najua kabisa yuko kushoto na anapanda ngazi. Gemu nyingi zina mpangilio wao wenyewe wa hedifoni unaofanya kazi hiyohiyo, na ukiwasha vyote viwili kimoja kinamvuruga mwenzake. Nikaizima, sijaiwasha tena.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni muunganisho, na hapo ndipo naona wanunuzi wengi hawaangalii. Hedseti ina njia mbili na kila njia ina tabia yake. Kwa Bluetooth ya kawaida, sauti huchelewa, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwenye filamu huoni tatizo kwa sababu programu ya video huichelewesha picha ili ilingane na sauti. Gemu haiwezi kukusubiri hivyo. Nilikaa mbele ya ukuta ndani ya gemu nikawa nafyatua risasi moja moja: moto unatoka mdomoni mwa bunduki, kisha ndipo mlio unafika. Nikahamia kwenye kipokezi cha USB, moto na mlio vikaja pamoja, angalau kwa masikio yangu.

Kwa mtu wa mikutano kuna kubwa zaidi ya hilo. Muziki ulikuwa unacheza vizuri kupitia Bluetooth, nikabofya kuingia kwenye mkutano, na papo hapo kila kitu kikawa kama simu ya zamani: muziki umebanwa, sauti za watu hazina mwili. Hedseti haikuwa imeharibika. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, yenye ubora mzuri lakini ya kwenda upande mmoja tu, na nyingine ya simu, inayokwenda na kurudi. Maiki ikihitajika, kompyuta huhamia kwenye njia ya simu, ambako sauti hupimwa mara 8,000 au 16,000 tu kwa sekunde, na masikio yote mawili hupata kitu kimoja. Kuna mfumo mpya wa sauti ya Bluetooth, LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020, unaotibu sehemu kubwa ya ugonjwa huu, ila lazima hedseti na kompyuta vyote viwe nao. Yangu haina. Kwa kipokezi cha USB maiki iliwaka na muziki ukabaki na ubora wake. Kuanzia hapo nikagawa kazi: kipokezi ni cha laptopu, Bluetooth ni ya simu ya mkononi.

Kipokezi nacho kilikuja na kisa chake. Sauti ilikuwa inakwaruza, lakini si wakati wote. Nilianza kushuku Wi-Fi, kwa kuwa vyote hutumia masafa ya 2.4 GHz, na hata oveni ya maikrowevu iko humohumo. Nikazima Wi-Fi, mikwaruzo ikaendelea. Kisha nikagundua inatokea ninapohamisha mafaili kwenda kwenye diski ya nje. Nilifungua folda, nikaanza kunakili: krr, krr. Nikasimamisha: kimya. Nikaendelea: krr. Diski ilikuwa imechomekwa tundu la jirani na kipokezi. USB 3.0, ile ya kasi inayotumiwa na diski kama hiyo, ikiwa kazini hutoa kelele za redio zinazoangukia kwenye masafa hayohayo ya 2.4 GHz, kampuni ya Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Dawa yake ni rahisi mno: waya mfupi wa kurefushia USB, kipokezi kikahamia ukingoni mwa meza, mbali na diski. Mikwaruzo ikaisha, na umbali wa kutembea bila sauti kukatika ukaongezeka pia, kwa sababu kipokezi hakijifichi tena nyuma ya kompyuta.

Wenye mashine za gemu wachunguze hili kabla ya kulipa. PS5 na Xbox hazipokei hedseti kwa Bluetooth. PS5 hukubali kipokezi cha USB, lakini Xbox ina mfumo wake wa redio, kwa hiyo hedseti isiyo na waya isiyoandikwa kwamba ni ya Xbox usiitegemee huko. Nintendo Switch iliongezewa sauti ya Bluetooth kwa sasisho la mwaka 2021, bila maiki.

Maiki niliipima kwa kujirekodi, si kwa kuuliza "mnanisikia?" Watu wakishakusikia hukwambia uko vizuri, hata kama unasikika kama uko ndani ya pipa. Nilitunga sentensi mbili za uchokozi. "Pikipiki ya baba imepita pembeni" ni ya kukamata pumzi zinazogonga maiki, na "Shangazi anashona shuka safi" ni ya kukamata mluzi wa s na sh. Nikazirekodi feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. P zilipasuka vibaya mpaka niliposogeza mkono wa maiki kutoka mbele ya mdomo hadi pembeni, karibu na kona ya midomo. S zilikuwa kali kidogo, nikaziacha. Programu iliyokuja na hedseti ina kipengele cha kuondoa kelele, nacho kilipowekwa juu kabisa kilikula mikia ya maneno: "sawa" ilitoka "saw", "nimeshatuma" ikawa "nimeshatu". Kiwango cha chini kabisa kiliondoa feni bila kuninyonga, kikabaki hapohapo.

Kilichokosekana ni kujisikia mwenyewe. Hedseti inayoziba masikio na isiyokurudishia sauti yako hukufanya uongee kwa kupayuka bila kujua, na watu wa nyumbani ndio wa kwanza kulalamika. Kwenye mikutano naweka sikio moja wazi. Si suluhisho la kifahari, ila linafanya kazi.

Kuhusu kuivaa: navaa miwani, na miwani ndiyo hakimu mkali wa hedseti. Ukanda ulikuwa unabana, mikono ya miwani inakandamizwa kwenye mfupa juu ya sikio. Niliiacha usiku ikiwa imekumbatia rundo la vitabu lililozidi kidogo upana wa kichwa changu, ikalegea kwa kiasi. Sponji zake ni za ngozi bandia, ambayo huzuia kelele na kuipa besi uzito, lakini hutoa jasho, na baada ya muda ngozi ya aina hiyo hubanduka vipande vyeusi vinavyobaki mashavuni. Kabla muda wa kurudisha haujaisha nikahakikisha sponji zinachomoka na za badala zinapatikana, za kitambaa. Hedseti ambayo sponji zake zimegundishwa moja kwa moja nisingebaki nayo hata iwe na sauti ya malaika.

Betri sikuipima kwa saa mkononi. Nilichotaka kujua ni kama inamaliza siku ya kazi na gemu ya jioni bila kulia, na inamaliza. Kuna maswali mawili ambayo ni bora kuliko idadi ya saa za kwenye boksi: je, inatumika ikiwa inachajiwa? Je, ikiisha kabisa ina tundu la waya wa sauti wa milimita 3.5? Yangu ni ndiyo kwa la kwanza, hapana kwa la pili. Inachajiwa kwa USB-C, jambo ambalo siku hizi usikubali kulikosa. Hata Umoja wa Ulaya umelilazimisha kwa hedseti mpya zinazouzwa huko tangu Desemba 28, 2024.

Sauti nimeiwekea ukomo kwenye kompyuta. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Mtu anayevaa hedseti kazini na kwenye gemu anazifikia saa 40 bila kujitahidi.

Mwisho nikabaki nayo. Wasiwasi pekee ni kipokezi, maana mtengenezaji hakiuzi peke yake, na bila hicho ninabaki na Bluetooth na yale mambo yake ya mikutano. Nimekifunga kwenye waya wake wa kurefushia kwa utepe, vyote viwili vinasafiri kama kitu kimoja, na mtu akija kuomba tundu la USB namwonyesha la upande wa pili.