Namba niliyoipiga mimi, akaadhibiwa mwenzangu

Nlikuwa na miezi miwili tu kazini, dereva wa kusambaza vifurushi, bado niko kwenye majaribio, ndo nikapewa kushika ruti ya mzee mmoja aliyekuwa likizo ya ugonjwa, kafanyiwa operesheni ya goti. Ruti ya stopu 150 kwa siku. Sasa siku ya tatu asubuhi naona supavaiza anapanda kwenye gari, kakaa siti ya pembeni na tableti mapajani, ananambia we fanya kazi kama kawaida, mi nipo tu naangalia.

Kama kawaida! Nani anafanya kazi kama kawaida na bosi kakaa pembeni? Nilikimbia siku ile mpaka soksi zikalowa. Mkanda sikufunga kati ya stopu na stopu, injini naiacha inaunguruma, naruka chini na kifurushi kwapani skana nimeing'ata mdomoni, na yule jamaa hanikatazi hata kidogo, anabonyeza tu tableti yake. Chakula sikula. Choo ndo usiseme, nilikuwa na chupa nyuma ya siti na nikaitumia nikiwa nimempa mgongo. Saa saba na nusu baadae tumemaliza stopu zote 150, yani 20 kwa saa, akanipiga begani akasema wewe ni dereva. Nilirudi nyumbani kifua mbele, kiukweli nilijiona mwanaume.

Wiki mbili mbele mzee karudi, bado anachechemea. Akakuta taget ya ruti yake imetoka stopu 16 kwa saa imepanda mpaka 19. Hakuna aliyemuuliza. Siku tano akashindwa kuifikia, ya sita akapewa barua ya onyo, na mimi hata sikuunganisha mambo mpaka jioni moja alipokuja kukaa kwenye ngazi ya gari langu nikiwa nafagia.

"Dogo, siku ile ulikula saa ngapi?"

"Sikula, mzee."

"Na kukojoa je?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakunjua ile barua akanionyesha 19 ilivyoandikwa kwa herufi nzito, akasema, "Basi hii namba kaipiga mtu asiyekula wala kukojoa. Mi nakula."

Akainuka akaenda zake. Angenitukana ningejua pa kujibu.

Usiku sikulala vizuri, asubuhi nikamfata nikamwambia nifanye nini, nimuone supavaiza? Akasema supavaiza atakuona wewe mvivu na mimi ndo nimekufundisha, subiri. Kumbe walishaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, madereva kumi na moja wa dipo letu, maana na ruti zingine zilikuwa zimeanza kupandishwa kwa mtindo ule ule. Wakakubaliana Jumatatu hakuna mgomo, hakuna kelele, kila mtu anafata kitabu cha usalama cha kampuni neno kwa neno. Kile kile tulichosaini siku ya kwanza na hakuna aliyewahi kukisoma.

Sasa kifate uone. Zima injini, vuta handibreki, funguo mfukoni, shuka umeshika kishikio usiruke, funga mlango, subiri mpokeaji asaini, rudi, funga mkanda, angalia vioo ndo uondoke. Nilipiga hesabu, inakula kama sekunde 25 zaidi kila stopu. Mara 150, hiyo ni saa nzima na dakika mbili na nusu. Ongeza mapumziko ya chakula ambayo yako kwenye mkataba. Nilikuwa na hofu mpaka mikono inatetemeka kwenye usukani, bado niko majaribio mimi, lakini kila nikipishana na gari la mwenzangu naona kafunga mkanda, anapiga honi moja fupi.

Jioni magari kumi na moja yakaingia dipo yamebaki na mizigo. Langu lilikuwa na vifurushi 38. Supavaiza anapita gari hadi gari na tableti, anauliza kwa nini, kila mtu anamjibu kwa namba ya ukurasa.

Baadae sana nilikuja kusoma kwamba Agosti 1911 huko Watertown, Massachusetts, kwenye karakana ya silaha za jeshi la Marekani, fundi mmoja wa kumimina chuma alikataa kupimwa kasi yake ya kazi kwa saa ya sekunde akafukuzwa, wenzake wakatoka wote, na 1915 Bunge lao likakataza zile saa kwenye karakana za jeshi. Nikamkumbuka yule na tableti yake.

Kwetu haikufika bungeni. Tulifanya vile siku nne, ya tano taget ikashushwa mpaka 17. Sio 16. Na barua ya mzee haikutolewa kwenye faili, alistaafu nayo. Mi ile chupa niliitupa, ila mpaka leo ruti ile wanaiita kwa jina langu, na sio kwa kunisifia.