Nilivyoweza kusoma Die Gartenlaube, gazeti la burudani la Leipzig

Kijerumani cha magazeti ya leo hakinisumbui. Lakini nilipofungua toleo la kwanza la Die Gartenlaube, la Januari 1853, sikuambulia kitu. Limechapwa kwa Fraktur, zile herufi nyeusi zenye pembe na mikia.

Kilichonitoa ni Wikisource ya Kijerumani, maktaba ya bure ya mtandaoni. Wapo watu wanaojitolea kuandika upya makala za gazeti hili kwa herufi za kawaida, na picha ya ukurasa wa asili ipo palepale. Nikawa naziba maandishi mapya kwa karatasi niliyoibandika kwenye kioo cha kompyuta, nasoma sentensi kwenye picha, kisha nafunua nihakikishe. Msumbufu mkubwa ni s ndefu, umbo la zamani la herufi s, ambayo ni pacha wa f. Tazama kimstari cha katikati: cha f hupenya pande zote mbili, cha s huishia kushoto. Herufi k nayo huelekea kufanana na t, na B kubwa na V kubwa hadi leo huwa nazitazama mara mbili.

Herufi zilipokubali, mambo yakaanza kufunguka. Juu ya ukurasa wa kwanza imechorwa familia imezunguka meza kwenye kibanda cha bustanini, mzee akiwasomea. Mhariri anayetajwa ni Ferdinand Stolle, ilhali mwenye gazeti ni Ernst Keil. Keil alikuwa amehukumiwa kifungo kwa makosa ya uchapishaji na kukitumikia katika gereza la Hubertusburg mwaka 1852, kwa hiyo akatanguliza jina la mwenzake. Ndiyo maana siwaelewi wanaoliita gazeti la porojo za nyumbani. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani wakati huo, haikuliona hivyo: miaka ya 1860 ililipiga marufuku.

Lilianza na nakala kama 5,000; mwaka 1875 zilifika 382,000. Nadhani siri kubwa ni hadithi za mfululizo, hasa za Eugenie John wa Arnstadt, aliyejiita E. Marlitt. Alikuwa mwimbaji mpaka masikio yakamwangusha, ndipo akashika kalamu. Riwaya yake Goldelse ilitoka kwa vipande mwaka 1866, na kila kipande kinakatwa pale unapotaka kujua zaidi. Mimi mwenyewe nilijikuta nasoma usiku, nimeshasahau kwamba nilikuwa najifunza herufi.

Keil alifariki 1878. Miaka sita baadaye gazeti likauzwa kwa wachapishaji wa ukoo wa Kröner, 1904 likachukuliwa na mchapishaji August Scherl wa Berlin, na 1944 likafa. Miaka hiyo ya mwisho naisoma kwa kurukaruka, ladha imepungua.

Anayetaka kujaribu aanze na hadithi, aache kwanza makala za sayansi. Kwenye mazungumzo ya wahusika sentensi ni fupi, na neno likikushinda, linalofuata hukudokezea.