Tusichunguzane mioyo: muumini na asiyeamini Mungu

Swali la kama muumini na mtu asiyeamini Mungu wanaweza kukubali kila mmoja msimamo wa mwenzake huulizwa kana kwamba ni swali moja, ilhali ndani yake mna maswali matatu yasiyolingana kwa uzito. La kwanza ni kama mmoja anaweza kuuona msimamo wa mwenzake kuwa wa kweli huku akibaki na wake, na jibu lake ni hapana, wala halihitaji maneno mengi: ama Mungu yupo ama hayupo, na anayetuambia kwamba sote wawili tuko sahihi huwa hajamsikiliza hata mmoja wetu. La pili ni kama mmoja anaweza kumwachia mwenzake haki ya kuamini au kutoamini pasipo kumbughudhi. La tatu, ambalo ndilo gumu na ndilo lililonifanya niandike, ni kama ninaweza kukiri kwamba mtu mwenye akili timamu, mkweli, aliyefikiri vya kutosha, anaweza kufikia hitimisho lililo kinyume na langu bila ya kuwa na kasoro yoyote ya moyo. Niseme mapema kwamba mimi ni muumini, ili msomaji ajue nimesimama upande gani.

Swali la pili limeshajibiwa, angalau kwenye karatasi, ingawa jibu lilichelewa sana. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke, ambaye barua yake ya mwaka 1689 ni miongoni mwa maandishi mashuhuri zaidi ya kutetea uvumilivu wa kidini, aliwaacha nje wasioamini Mungu kwa hoja kwamba ahadi, mikataba na viapo, ambavyo ndivyo vifungo vya jamii, haviwezi kumshika mtu wa namna hiyo. Miaka michache kabla yake, Mfaransa Pierre Bayle alikuwa ameshatetea kinyume chake, kwamba jamii ya watu wasioamini inaweza kuishi kwa maadili, kwa kuwa mara nyingi matendo ya watu hayafuati imani wanazozikiri bali tabia zao, tamaa zao na hamu yao ya kuheshimiwa. Hoja ya Locke ndiyo iliyoendelea kutawala. Charles Bradlaugh, mtu asiyeamini Mungu, alipochaguliwa kuwa mbunge wa Northampton nchini Uingereza mwaka 1880, aliomba atoe ahadi ya uaminifu badala ya kiapo cha kidini, na ombi hilo likazua upinzani mkubwa. Aliposema kwamba basi yuko tayari kuapa kama wengine, akazuiwa pia, kwa madai kwamba kiapo kinywani mwake hakina maana. Wapiga kura wake walimrudisha tena na tena, lakini hakukaa kitini kwa utulivu hadi mwaka 1886, na miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria, aliyoipigania yeye mwenyewe, iliyoruhusu ahadi kuchukua nafasi ya kiapo. Kinachonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja ni kwamba mlango ule uliweza kumzuia mkweli peke yake: asiyeamini aliye mwongo angeapa kimyakimya na kuingia.

Siku hizi Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1993, imesema wazi kwamba uhuru wa dhamiri unawalinda wanaoamini Mungu na wasioamini, pamoja na yule asiyetaka kufuata dini yoyote. Zipo nchi zinazopuuza maneno hayo, na upande wa pili nao una historia yake, kwa kuwa Albania ilijitangaza mwaka 1967 kuwa dola lisilo na dini, ikafunga misikiti na makanisa. Hata hivyo, haki ya kisheria inaweza kutolewa shingo upande. Ninaweza kumwachia jirani yangu uhuru wake wote na bado nikamdharau kila nikimwona.

Dharau hiyo, kwa jinsi ninavyoiona, haitokani na tofauti yenyewe ya imani. Inatokana na maelezo ambayo kila upande hujitungia kuhusu sababu zilizomfikisha mwenzake alipo. Muumini husema kwamba yule ana dhambi asiyotaka kuiacha, au ana kiburi cha kusoma, au aliumizwa na kiongozi wa dini na sasa anamlipizia Mungu. Asiyeamini naye husema kwamba yule anaogopa kifo, au alijazwa hadithi angali mtoto, au hajawahi kusoma kitu kilichompinga. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kwa watu fulani, maana wapo walioiacha dini kwa hasira na wapo walioingia kwa woga. Ubaya wake ni kwamba yakishakubalika, hoja za mwenzako hazisikiki tena, kwa sababu kila anachosema kinageuka kuwa dalili, na ukishamfanya mtu kuwa mgonjwa hujadiliani naye tena, unasubiri tu apone.

Sisi waumini tunayo hata aya ya kufanyia kazi hiyo. Zaburi ya 14 inaanza kwa kusema kwamba mpumbavu amesema moyoni, "Hakuna Mungu," na nimewasikia watu wengi wakiishia hapo kana kwamba mjadala umefungwa. Ukiendelea kusoma, utakuta kwamba wanaozungumziwa ni watu wanaowala wenzao kama walavyo mkate na wanaoliaibisha shauri la maskini. Yaani ni mdhalimu anayetenda kana kwamba hakuna atakayemhukumu, na mtu wa aina hiyo anaweza kabisa kuwa na kiti chake cha mbele katika nyumba ya ibada. Tungekumbuka pia kwamba Wakristo wa mwanzo walishutumiwa katika dola ya Kirumi kwamba ni watu wasio na Mungu, kwa kuwa walikataa kuiabudu miungu ya wote. Asiyeamini naye ana mwanafalsafa Mjerumani Karl Marx, aliyeandika mwaka 1844 kwamba dini ni kasumba ya watu. Wanaomtetea hukumbusha kwamba katika ukurasa uleule aliiita pia kuwa pumzi ya kiumbe aliyekandamizwa na moyo wa dunia isiyo na moyo. Maneno hayo ni ya huruma, nakubali, lakini bado yananieleza mimi badala ya kunijibu.

Mfano wa mjadala usiokuwa na uchunguzi wa mioyo ni ule uliorushwa na redio ya BBC mwaka 1948 kati ya padre Mjesuiti Frederick Copleston na mwanafalsafa Bertrand Russell. Walianza kwa kukubaliana juu ya maana ya Mungu wanayemzungumzia, jambo ambalo mijadala mingi ya leo hairuki hata kizingiti chake. Russell alikiri kwamba hadai kuweza kuthibitisha kuwa Mungu hayupo. Copleston akambana juu ya asili ya ulimwengu na ya maadili. Kila mmoja akatoka na msimamo aliokuja nao. Wapo watakaosema kwamba walipoteza muda. Mimi naona kwamba hakuna aliyejifanya kumweleza mwenzake kwa nini hasa huyo mwenzake anafikiri anavyofikiri, na kwa ajili hiyo tu msikilizaji alibaki na hoja mkononi.

Sitaki kujifanya kwamba mizigo ya pande hizi mbili ni sawa. Mafundisho yanayosema kwamba kuna hukumu hayamruhusu anayeyaamini kwa dhati kuwa baridi kuhusu mwisho wa rafiki yake, na asiyeamini anayekerwa na mwaliko wa muumini angefaa kujua kwamba mara nyingi anapendwa. Lakini mwaliko uliokataliwa waziwazi na ukarudiwa kila wiki ni usumbufu, na Qur'ani yenyewe, katika sura ya pili, inasema kwamba hakuna kulazimisha katika dini.

Rafiki yangu mmoja asiyeamini aliwahi kulazwa hospitalini, nami wakati wa kuondoka nikamwambia, "Nitakuombea," kabla sijapima neno lenyewe. Alitabasamu akasema, "Wewe omba, ndugu yangu, sikuzuii, ila kesho uje." Hakujifanya kwamba ameona faida ya dua yangu, wala hakunieleza kwamba dua ni njia ya kujipoza, na kesho yake nilikwenda. Baada yangu akaja mgeni mwingine, aliyemwambia kwa upole kabisa kwamba huenda ugonjwa ule ni Mungu anamwita. Nilimwona rafiki yangu akigeuza uso na kuanza kunyoosha upindo wa shuka ambao ulikuwa umenyooka tayari. Mimi na mgeni huyo tuliamini jambo moja, na kwa kiasi fulani tulitamani jambo moja, lakini mgeni yule alikuwa ameugeuza mwili wa mgonjwa kuwa ushahidi dhidi yake. Rafiki huyohuyo alikuja kwenye mazishi ya mama yangu, akasimama katikati ya waombaji macho yakiwa wazi, bila kusema "amina," na sikuona kwamba marehemu amepungukiwa heshima.

Kwa marafiki, basi, jambo hili linawezekana na ninaliona likitendeka. Katika familia ni zito zaidi, hasa mtoto aliyelelewa katika imani anapowaambia wazazi wake kwamba haamini tena. Hapo mzazi hujichunguza mwenyewe kwanza: nilikosea wapi, nilimwachia marafiki gani, ni shule gani ile niliyompeleka? Maswali hayo yanatoka katika uchungu wa kweli, lakini mtoto huyasikia kama tangazo kwamba fikira zake ni ajali iliyosababishwa na mtu mwingine. Swali la "Ulifikaje hapo?" ni bora, mradi mzazi awe tayari kusikiliza mpaka mwisho jibu ambalo huenda halina kosa la mtu yeyote ndani yake. Mtoto naye ana deni lake. Mama anayeamka usiku kumwombea hamtukani, na familia inapoomba kabla ya kula anaweza kukaa kimya pamoja nao bila ya kuwa mnafiki. Wakimtaka aongoze sala ile, aweze kusema kwamba hataweza, na aliye karibu naye aichukue bila ya mtu yeyote kuinua macho.