Mahomes chini ya mstari

Hadi mwaka 2018 kwotabeki, yule mtupaji wa pasi katika futiboli ya Kimarekani, niliyemjua kwa jina alikuwa mmoja tu, Tom Brady, na nilimjua kwa sababu alishindwa mjini kwetu. Super Bowl ya mwaka ule, fainali ya ligi yao ya NFL, ilichezwa Minneapolis, tarehe 4 Februari, na baridi ya Minnesota ya mwezi huo sina haja ya kuisimulia. Brady alirusha yadi 505 usiku ule, na bado Philadelphia wakaondoka na kombe, 41 kwa 33. Sisi tulikuwa zamu ya jioni ghalani, tunachungulia dakika za mwisho kwenye simu ya dereva wa foklifti. Msimamizi wetu akasema, "Mimi ningechukua pointi za Brady, kombe wabaki nalo." Nikamtazama nisielewe anaongea nini.

Alikuwa Mkenya wa Eldoret, aliyeishi Minnesota miaka mingi kabla yangu. Sote tulimwita Mama, hata Wamarekani. Agosti ilipofika alinikuta chumba cha mapumziko nikila wali wangu peke yangu, akaniambia kuna nafasi moja kwenye ligi yao ya fantasi, dola 50, na kwamba mtu aliyesoma hesabu Mzumbe hawezi kusema mchezo huu ni wa Wazungu. Nikakaa.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu 12 mnakutana siku moja kabla ya msimu, mnagawana wachezaji halisi wa NFL kwa zamu, na kuanzia Septemba wanachokifanya uwanjani kinageuka pointi zako. Kila wiki unapambana na mmoja wa wenzako. Nikamkatiza: mbona nyumbani tunacheza hii ya Ligi Kuu ya Uingereza, ofisi nzima? Msimu uliokuwa umetoka kwisha, karibu kila mtu niliyemjua Dar es Salaam alikuwa na Mohamed Salah kikosini, akamaliza na pointi 303, na kuwa naye hakukumzuia mwenzako kuwa naye.

"Sahau hiyo," alisema. "Hapa Salah ni mmoja. Akichukuliwa, amechukuliwa."

Kwenye ule mchezo wa kwetu nilizoea kujiuliza nani mzuri. Huku ilibidi nijiulize pia nani atakuwa amebaki zamu yangu ikifika, na swali hilo la pili ndilo gumu. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira karibu kila shambulio linapoanza, ndiye anayeamua kuutupa, kumkabidhi mwenzake au kukimbia nao mwenyewe. Analipwa kuliko wote na analaumiwa kuliko wote. Mgeni yeyote angedhani ndiye wa kuchukuliwa kwanza. Mama aligeuza karatasi ya mizigo upande mweupe, akaandika 32, na chini yake 12. Timu za NFL ni 32, kila moja ina kwotabeki anayeanza. Sisi tuko 12, na kila mmoja anachezesha mmoja. Hata kila mtu akibeba wake, wanabaki 20 wanaozubaa. Wakimbiaji, wale wanaopewa mpira mkononi wapenye katikati ya watu, kila mmoja wetu anahitaji wawili kila wiki, na wa kutegemewa hawafiki 24 hata kwa kuazima. Kwa hiyo wakimbiaji wanaisha na makwotabeki hawaishi.

Halafu akanipa bei. Yadi 25 za pasi, pointi moja. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui, ikiwa ya pasi, pointi 4. Pasi ikinaswa na adui, unakatwa 2. Lakini yadi 10 tu za kukimbia, pointi moja, na tachidauni ya kukimbia pointi 6. Alinitaka nihesabu mwenyewe. Nikachukua msimu wa 2017 wa Russell Wilson wa Seattle: pasi za tachidauni 34, nyingi kuliko za mtu yeyote mwaka ule, na juu yake yadi 586 kwa miguu. Hizo 586 ni pointi 58. Mtu wa kusimama na kutupa tu angehitaji yadi 1,465 za ziada kumfikia. Niliipitia hesabu mara ya pili nikidhani nimekosea nukta.

Orodha za magazetini hupanga makwotabeki kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho kana kwamba kati ya wa saba na wa nane kuna jambo. Mama hakuwapanga hivyo. Aliandika majina, kisha akachukua kalamu nyekundu na kipande cha kadibodi kilichonyooka akapiga mistari. Juu kabisa Aaron Rodgers peke yake, ingawa bega alilovunjika Oktoba 2017 alivunjikia hapahapa Minneapolis, akiangushwa na beki wa Vikings, timu ya Minnesota. Chini yake Wilson, Brady, Cam Newton, na Deshaun Watson wa Houston, ambaye 2017 alikuwa na pasi za tachidauni 19 katika mechi saba kabla goti halijakatika mazoezini. Akapiga mstari. Chini yake Drew Brees, Carson Wentz aliyekuwa bado anauguza goti, Andrew Luck aliyekaa nje mwaka mzima kwa bega, Kirk Cousins, na wengineo. Mstari mwingine. Sheria yake ilikuwa moja: walio ndani ya mistari miwili ni walewale. Usimkimbilie wa kwanza wao, subiri mpaka abaki mmoja, umchukue huyo.

Patrick Mahomes wa Kansas City alikuwa chini ya mstari wa tatu, karibu na ukingo wa karatasi.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na ubishi ule ulikwenda siku kadhaa, kwenye mapumziko, kwenye maegesho, mpaka juu ya mizigo. Hoja yangu haikuwa na uchawi. Mwaka uliotangulia kwotabeki wa Kansas City alikuwa Alex Smith, mtu mwangalifu, asiyependa kutupa mbali, na chini ya kocha Andy Reid alimaliza na yadi 4,042, tachidauni 26 na pasi tano tu zilizonaswa. Huo ndio ulikuwa msimu bora wa maisha yake, na mara tu ulipokwisha wakamuuza Washington. Nani anauza kwotabeki wa namna hiyo kama hajaona kitu mazoezini? Wapokeaji, wale wanaodaka pasi, walikuwa walewale, Tyreek Hill ambaye hakuna anayemkimbiza, na Travis Kelce. Sasa mpe hao mtu wa kutupa mbali.

"Mechi moja," Mama alisema, na kidole kimoja juu. Kweli, Mahomes alikuwa ameanza mechi moja tu, Denver, siku ya mwisho ya mwaka 2017, nayo haikuwa na maana kwa msimamo. "Na kambini wanamnasa pasi kila kukicha. Wewe kijana, unataka kumpa kiti cha Brady mtoto wa mechi moja?"

"Sijasema cha Brady, Mama. Nasema juu ya mstari huu."

"Mstari ni wangu."

Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akiendesha lori Houston. Nilitaka mtu wa kuniunga mkono. Hakunisikiliza hata nusu dakika. "Shem, acha hizo. Mchukue Watson, raundi ya kwanza, ulale." Nilimweleza habari ya wakimbiaji na wale 20 wanaozubaa. Akaniuliza kama dada yake anajua napoteza dola 50 kwenye mambo haya. (Watson, kwa kweli, hakumwangusha. Oktoba ile pafu lilimchubuka, madaktari wakamkataza kupanda ndege, akaenda Jacksonville kwa basi, akacheza na akashinda. Shemeji alinitumia picha ya basi, bila neno.)

Siku ya kugawana ilikuwa Jumamosi kabla ya Labor Day, sikukuu yao ya wafanyakazi ya mwanzo wa Septemba, gereji ya Mama, Brooklyn Park. Mbuzi alikuwa kwenye jiko la mkaa tangu asubuhi, na ukutani kulikuwa na bango kubwa lenye vyumba 12 kwenda upande na raundi kushuka chini. Kila mchezaji alikuwa na stika yake, rangi kwa nafasi: wakimbiaji kijani, wapokeaji njano, makwotabeki nyekundu. Ukimtaja mtu, kijana wa Mama anabandua stika na kuibandika kwenye chumba chako, na hapo mjadala umekwisha. Una sekunde 90. Namba tulivuta kwenye kofia, nami nikavuta ya kwanza, ambayo ni neema na adhabu, maana zamu hupinda kila raundi: unachagua wa kwanza, kisha unangoja hadi wa 24, unapata na wa 25 papo hapo, halafu unangoja tena weee.

Nilimtaja Todd Gurley wa Rams bila kufikiri, tachidauni 19 mwaka uliotangulia. Jirani yangu wa pili akamchukua Le'Veon Bell, akapigiwa makofi. Bell aligombana na timu yake juu ya mkataba na hakucheza hata mechi moja mwaka ule. Yule bwana alikaa na stika hiyo ya kijani hadi Januari.

Nilichokuja kukiona gerejini ni kwamba watu hawapangi makwotabeki kwa kichwa. Jamaa mmoja wa Wisconsin alimbeba Rodgers raundi ya tatu, akazomewa na chumba kizima, kwa sababu huku ni Vikings na Rodgers ni Packers, mahasimu wao wa Wisconsin. Wawili waliapa kuwa hata angebaki mpaka mwisho wasingemgusa. Halafu Cousins. Vikings walikuwa wametoka kumpa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 84, zote za uhakika hata avunjike mguu, na mji mzima ulikuwa na homa yake. Mama alikuwa amenitabiria: watamchukua mapema kuliko thamani yake, wewe waache. Aliondoka raundi ya tano, kwa shangwe, mtu akaimba. Mama mwenyewe alikaa kimya akigeuza nyama, na raundi ya sita, Wilson alipobaki peke yake juu ya mstari, alisema "Seattle, Wilson" bila kugeuka jikoni.

Zamu yangu mwishoni mwa raundi ya nane ilikuta stika nyekundu nyingi bado zimelala mezani. Matt Ryan alikuwepo. Ben Roethlisberger alikuwepo. Nikasema Mahomes. Kijana alinitaka nirudie. Kicheko kikapita gereji nzima, na yule wa Cousins akanipa mkono wa pole. Mama alikuja mwenyewe kubandika, akaikandamiza stika kwa kidole gumba, na mafuta ya mbuzi yakabaki juu ya jina.

Wiki ya kwanza, dhidi ya Chargers, tachidauni nne. Wiki ya pili, Pittsburgh, sita. Hakuna aliyewahi kufikisha pasi kumi za tachidauni katika mechi mbili za mwanzo. Jumatatu yake, chumba cha mapumziko, sikusema neno, nilikula wali wangu. Mpaka msimu unakwisha alikuwa na tachidauni 50 na yadi 5,097, akawa mchezaji bora wa ligi, na Gurley naye akifunga tu. Tukaingia fainali ya ligi yetu, Mama na mimi, Jumapili ya tarehe 23 Desemba.

Ratiba ilikuwa imetupangia kejeli: Kansas City wanakwenda Seattle usiku ule. Mahomes wangu na Wilson wake uwanja mmoja. Lakini kabla ya hapo, mchana, jina la Gurley likaonekana kwenye orodha ya wasiocheza, goti. Nikahangaika kumtafutia mtu wa kuziba. Mama alikuwa amekwisha kusoma alama: aliyeanza badala ya Gurley, C.J. Anderson, ambaye Rams walimsajili siku chache tu kabla, alikuwa tayari kikosini mwake. Akakimbia yadi 167 dhidi ya Arizona. Niliangalia namba zile zikipanda nikiwa sebuleni na mke wangu, ambaye alikuwa ameacha kuuliza maswali.

Usiku, Mahomes alirusha tachidauni tatu na yadi 273. Wilson, tachidauni tatu na yadi 271. Walifutana. Msimu mzima tuliwabishania hao wawili, na siku ya pesa tofauti yao haikununua hata soda. Mkimbiaji ndiye aliyeamua, kama alivyoniandikia nyuma ya karatasi ya mizigo.

Nilidhani angalau angekubali kwamba Mahomes alistahili kuwa juu ya mstari. Hakukubali. Alisema Agosti hakuna aliyekuwa na haki ya kumpandisha, mechi moja ni mechi moja, na kwamba kubahatisha vizuri hakumfanyi mtu ajue kupanga. Nikasema Reid, Smith, Hill, Kelce, ile si bahati. Tulikuwa tumesimama mlangoni kwa mizigo, mkesha wa Krismasi, mimi nikiwa na koti na yeye hana. Akatoa bahasha ya mshindi wa pili, akanihesabia noti za ishirini mkononi, moja akairudisha mfukoni mwake.

"Hii ya mbuzi," alisema. "Ulikula kuliko wote."