Ufunguo uliokwenda msibani

Kikoba chetu kina akina mama kumi na wanane na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Mwaka jana mmoja tulimpa mwenzetu mcheshi, kipenzi cha wote. Akaenda nao msibani Tanga, kwenye pochi! Wiki mbili hakuna mkopo.

Kwenye semina ya ndoa niliwahi kufundishwa zile tabia nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mwepesi wa kuamua na kuamuru), melankoli (mkimya na makini) na flegmatiki (mpole). Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alizihusisha na damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tiba hiyo ilishapitwa na wakati, na sidhani kama mtu mzima anaenea kwenye fungu moja. Mimi kikobani ni mpole. Nyumbani, waulize wanangu.

Ila majina yale yamenipunguzia kununa. Yule mcheshi ndiye anayejua nani anauguliwa, na ndiye aliyetuletea wanachama sita. Katibu wetu mkimya huhesabu fedha mara tatu sisi tukisinzia, lakini ukimkosoa mbele za watu, wiki inayofuata humwoni. Mwenyekiti huamua haraka, na huwakatiza watu haraka vilevile.

Sasa ule ufunguo anao katibu. Mcheshi tumempa kazi ya kuchangisha mfuko wa jamii, na Jumamosi iliyopita alimtoza mwenyekiti faini yake ya kuchelewa huku wote wawili wakicheka.