Mama na kwaya ya Salisbury

Mama alipokuja kunitembelea Southampton alikuwa na ombi moja: nimpeleke kanisa kuu akaone Waingereza wanavyosali Sala ya Jioni kwao wenyewe. Alilelewa Magila, Muheza, kwenye misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, na sala hiyo anaijua kwa Kiswahili tangu hajaanza shule. Tukapanda treni mpaka Salisbury.

Mnara wa mita 123, mrefu kuliko wa kanisa jingine lolote Uingereza, aliutazama kidogo akashika shingo. Magna Carta, ile hati maarufu ya mwaka 1215 iliyohifadhiwa humo, aliipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Alitaka kwaya.

Tukapata viti karibu kabisa na waimbaji. Wakaingia wawili wawili, wasichana watupu, wa miaka 8 hadi 13 hivi, na wanaume wachache wa sauti za chini.

"Wavulana wako wapi?" Mama akaninong'oneza.

Nikamwambia wanapokezana, leo zamu ya wasichana. Mengine nilimweleza baadaye ndani ya treni: kwamba kwa karne nyingi sauti ya kwanza katika makanisa makuu ya huku ilikuwa ya wavulana tu, kwamba mwaka 1991, Richard Seal akiwa mwalimu wa kwaya, Salisbury walianzisha kwaya ya wasichana inayojitegemea, na watu wakabishana sana, wengine wakishikilia kwamba sauti ya msichana haiwezi kuwa sawa na ya mvulana. Kanisa kuu la Canterbury nalo lilifuata mwaka 2014. Mama hakuelewa ugomvi ulikuwa wa nini. Kwao Magila sauti ya kwanza ni ya kina mama na mabinti.

Jioni hiyo ilikuwa tarehe 15, na kwa mpangilio wa kitabu cha sala cha Kianglikana cha 1662, kinachogawa zaburi kwa siku za mwezi, jioni ya tarehe 15 ni Zaburi ya 78. Anayeijua anajua: aya zaidi ya 70, Waisraeli wanakosa, wanaadhibiwa, wanasamehewa, wanakosa tena. Upande mmoja unaimba, mwingine unajibu. Mbele yetu alikaa msichana aliyeng'oka jino la mbele. Kidole chake kilitembea mstari kwa mstari, na kila ukurasa ulipoisha alimgusa kiwiko mwenzake mdogo wa pembeni, ambaye alikuwa ameshapotea tangu Misri. Hakumwangalia hata mara moja, na sauti yake haikuyumba. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watoto hawa. Wanasoma shule, wanafanya mazoezi asubuhi, na jioni wanabeba mzigo huu mbele ya watu.

Ulipofika Wimbo wa Mariamu, Mama akashindwa. Kule wanaosali hukaa kimya, kwaya ndiyo inayowaimbia, jambo ambalo mpaka leo mimi mwenyewe linanikera kidogo. Yeye akaanza chini chini, "Moyo wangu wamtukuza Bwana," kwa tuni ya Magila, ambayo haikupatana hata kidogo na kinanda. Bwana wa kiti cha mbele akageuka. Yule wa jino akainua macho, akamwona, akabana midomo asicheke, akaendelea.

Mlangoni mzee mmoja wa kanisa alikuwa akiwaaga watu. Mama akanivuta mkono.

"Mwanangu, hebu muulize, hao wavulana wakivunja sauti wanakwenda wapi?"

Mzee akaeleza kwa upole: wakifika miaka 13 hivi wanaaga, wanahamia shule nyingine. Baadhi hurudi ukubwani kuimba teno au besi.

Nikamtafsiria. Mama akatikisa kichwa.

"Mwambie wanawaaga watu wakati ndiyo kwanza wameijua Zaburi ya 78."

Nikamwambia. Mzee alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akamuuliza Mama kwao anaimba sauti gani. Mama hakungoja tafsiri. "Alto," akasema, na akaanza kumwonyesha.