Talaka Mbili, Nikaha Moja na Viza ya Mume Wangu

Nilipofunga nikaha yangu ya pili huko Mombasa, mwezi wa Aprili 2022, nilikuwa nimeachana na mtalaka wangu mara mbili. (Msomaji asidhani nahesabu talaka rejea, ile ambayo mume aweza kumrudia mkewe.) Januari 2021 aliniacha mbele ya sheikh wa msikiti wetu hapa Columbus, Ohio, na Agosti mwaka huohuo mahakama ikaivunja ndoa yetu kwa sheria ya Marekani. Kwa watu wa nyumbani, hukumu ile ya mahakama ilikuwa karatasi tu. Kwa maafisa wa uhamiaji, hiyo karatasi ndiyo talaka.

Ile miezi saba iliyokuwa katikati ndiyo iliyokaribia kuniharibia mambo, kwa kuwa eda yangu, ule muda wa kungoja baada ya talaka, ilikwisha mapema, mchumba alikuwa ameshaleta posa, na mamangu hakuona sababu ya kungojea. "Eda ishakwisha, mwanangu, wangoja nini tena?" aliniuliza kila Ijumaa kwenye simu. Nilikuwa nimeanza kutafuta tiketi wakati wakili mmoja, niliyemlipa kwa nusu saa tu, aliponieleza kwamba nikaha ikifungwa huku ndoa ya kwanza bado ingali hai mahakamani, haitambuliki kwa maombi ya viza, na hukumu ya talaka ikija baadaye haiwezi kuihalalisha; itabidi ifungwe upya. Nikamwambia mama kwamba tiketi zimepanda bei, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe upande wa mchumba ulikuwa mgumu zaidi. Fomu I-130, ambayo raia humwombea mumewe au mkewe, hutaka uthibitisho kwamba ndoa zote za awali za pande mbili zimekwisha. Yeye alikuwa amemwacha mkewe miaka tisa nyuma, na ushahidi wake ulikuwa ukurasa mmoja uliochanwa katika daftari la shule, wenye mistari minne ya wino wa buluu na sahihi za mashahidi wawili, ambao mmoja wao alikuwa ameshafariki. Mbele ya Mungu na majirani, talaka ile haikuwa na shaka. Ubalozini, hata hivyo, angeonekana kuwa mtu mwenye mke tayari, na Marekani haitoi viza kwa ndoa ya pili ya mitala hata kama ndoa hiyo ni halali Kenya.

Basi ikabidi talaka isajiliwe kwa Kadhi. Yule shahidi aliyebaki alikubali kuja, lakini ninayedaiwa naye shukrani ni mtalaka wa mchumba wangu, mama wa mwanawe mkubwa, ambaye alivuka feri kutoka Likoni asubuhi na mapema ili athibitishe kwamba aliachwa, lini, na kwa maneno gani. Hakuwa na faida yoyote katika jambo lile. Aliniambia baadaye, akicheka, kwamba hata yeye alikihitaji cheti kile siku nyingi. Tuliposhika cheti mkononi ndipo walii wangu, yaani mwenye haki ya kuniozesha, alipokubali kutaja siku ya nikaha.

Kuhusu fomu zenyewe sina mengi. Nililipa dola 535 kuwasilisha ombi, nikaambatisha picha, tiketi za ndege na risiti za fedha nilizokuwa nikimtumia. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshapata uraia, hatukuwekwa kwenye foleni ya mgawo wa viza, zile zinazotolewa kwa idadi maalumu kila mwaka. Rafiki yangu aliyepata ukaazi wa kudumu kupitia mume wa kwanza, na ambaye bado si raia, hali yake ni nyingine: kabla ya kutimiza miaka mitano katika ukaazi huo, hawezi kumdhamini mume mpya mpaka alete ushahidi mzito kwamba ile ndoa ya kwanza haikuwa ya kutafutia makaratasi, isipokuwa kama mume huyo angekuwa amefariki.

Fomu iliyonikosesha usingizi ni I-864, ile ya udhamini wa fedha. Kwa nyumba ya watu wanne, yaani mimi, wanangu wawili na mume, mwaka 2023 nilitakiwa kuonyesha kipato cha dola 37,500 kwa mwaka. Kipato nilikuwa nacho. Kilichonizuia kutia sahihi kwa siku kadhaa ni maneno kwamba talaka haiuvunji udhamini huo. Hudumu mpaka mdhaminiwa awe raia, au ahesabiwe robo mwaka 40 za kazi, yaani kama miaka kumi, au aondoke nchini moja kwa moja, au afe. Mwanamke aliyekwisha kuachika huyasoma maneno hayo polepole.

Siku ya mahojiano ya mume wangu katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, hapa kwetu ilikuwa usiku wa manane, nami nilikaa jikoni na simu mezani. Afisa alimuuliza mimi niliachika lini. Akajibu: Januari 2021. Afisa akaitazama hukumu iliyoandikwa Agosti, kisha akamtazama yeye. Mume wangu akaeleza kuhusu sheikh, mahakama, na ile miezi saba tuliyokaa tukingoja, na afisa akamuuliza kwa nini walingoja ikiwa eda ilikuwa imekwisha. "Mke wangu alisema tiketi zimepanda bei," akamjibu.

Pasipoti yake ikabaki ubalozini ili ipigwe viza.